Kiungo cha Kisogoni

Mwanangu Rahma,

Assalam aleikum. Salamu hii imekutangulia, kwani naiandika alasiri hii nawe ungali Pate ukiagana na jamaa za baba yako, na utaisoma kesho ukiwa angani baina ya Manda na Nairobi. Nyumba imenyamaza. Paka wamelala kwenye ngazi utadhani hati ya nyumba ina majina yao. Wewe na baba yako mtarudi maji yakijaa, kwa hiyo nina muda wa kusema peke yangu bila ya wewe kunikatiza, jambo ambalo halijanipata tangu ulipojua kutamka.

Mambo ya sweta, dawa na achari sitayagusa. Hayo ameyashika shangazi yako Swafia, na ukifungua sanduku ukakuta mahamri yamevunjikia ndani ya viatu, mimi simo. Kuswali unajua. Watu wema na wabaya utawajua kwa macho yako, hakuna aliyewahi kuwajua kwa macho ya mamake. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni lile swali uliloniuliza nikakukimbia.

Tulikuwa tukichagua mchele. Ulitaka nikwambie, ukifika Nairobi uelekee wapi. Ile kampuni ya bima imekubali kukusomesha hesabu zao na kukuajiri, na ukiwa kwao ukikumbuka pilau ya Idi unapanda ndege unakuja. Na kile chuo cha ng'ambo kimekukubali, viza na tiketi umeshazipata, usome nambari zenyewe, nambari tupu zisizojenga daraja wala kuuza kitu, kazi ile ile iliyokula ujana wangu. Nikakujibu bila hata kuinua uso, "Ni dhahiri kwamba hesabu za bima ndizo zitakazokufaa."

Ukaacha kuchagua. "Dhahiri kwa nani, Mama?"

Nikainuka nikasema chungu kinafurika. Hakukuwa na chungu motoni, na wewe ulikuwa umeketi ukilikabili jiko. Hukunicheka, na afadhali ungenicheka. Tangu siku hiyo hukuniuliza tena, nami nimekuwa nikikupisha humu ndani kama mgeni asiyejua choo kiko wapi. Juzi ndipo baba yako akaniletea maneno yako: kwamba utapanda ndege, utafika Nairobi, na kama mama hajasema kitu utakwenda bima, kwa sababu huwezi kwenda mbali bila radhi yangu. Aliyasema hayo akisugua grisi mikononi, ametoka Ras Kitau kufufua mashine ya boti ya hoteli, akaongeza na lake: "Mwambie mtoto neno, Maimuna. Mashine haiwaki kwa kutazamwa."

Basi nitasema. Lakini unanijua, mimi sifiki mahali kwa njia ya mkato. Niache nianze kwa bibi yako.

Wewe ulimjua Bibi Zena, Mungu amrehemu, macho yakiwa yameshamwacha. Ulimjua kwa halua na hadithi na kukuamuru umkune mgongo. Mimi nilimjua na sindano. Kofia zote za mkono zilizokuwa vichwani mwa wanaume wa mtaa huu siku za Idi, nusu yake zilipitia mapajani mwake. Mteja alikuwa haonani naye. Alikaa nje barazani, mimi natumwa na uzi, nauzungusha kichwani mwake, nafunga fundo, napanda nao juu. Kwenye uzi ule Mama alipata idadi ya matundu yatakayozunguka kofia, yote sawa kwa sawa. Ua moja lilichukua matundu manne, au sita, au manane, kulingana na mchoro, na ncha mbili za ule ukanda zikikutana ilitakiwa ua la mwisho liwe limetimia. Kichwa cha matundu mia na ishirini kilikuwa neema, kila ua lilikikubali. Lakini vilikuwako vichwa vingine. Mia na kumi na tatu, kwa mfano. Mama anajaribu ua la manne, linabaki tundu moja. La matano, yanabaki matatu. La sita, yanabaki matano. Anaweka uzi chini, anauangalia kama umemtukana.

"Kitwa hiki kina kiburi," anasema.

Ndivyo nilivyozijua nambari za kiburi kabla sijaweza kusoma sawasawa. Nambari zisizokubali kugawana na mtu. Nilikuwa nawajua wenye vichwa hivyo mtaa mzima. Alikuwako mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu mpole hata kuku walimpanda, naye alikuwa na mia na kumi na tatu. Nilikuwa nikimwona kwenye Maulidi, ameinamisha uso kwa unyenyekevu, nasema moyoni, wewe jifanye tu, mimi nakujua.

Baadaye mwalimu mmoja wa shule akanionyesha kitabu cha Kiswahili kutoka Tanzania, nikakuta zinaitwa namba tasa. Nikarudi nyumbani mbio nikamringie Mama kwamba zina jina la kitabuni. Bibi yako alikaa miaka mingi kabla ya kunipata mimi, na neno hilo alilijua lilivyokuwa vinywani mwa watu. Hakukasirika. Alikata uzi kwa meno, akasema katika nyumba hii zina kiburi, basi, na hao wa kitabuni waziite wapendavyo kwao. Nimezisomesha kwa Kiingereza maisha yangu yote, na kila nikizitaja ulimini, kichwani ni kiburi.

Sasa, mwenye kichwa cha kiburi naye ni mteja, huwezi kumrudisha akakatwe kichwa. Mama alikuwa na dawa yake. Kila kofia aliianzia nyuma, ili ncha zikutane kisogoni. Yale matundu yaliyobaki, yasiyotosha ua, aliyafinyia pale pale nyuma: nusu jani, kitawi, kitu kisicho na jina. "Mato ya watu yako mbee," aliniambia, kwamba macho hutazama mbele, nyuma hapana aangaliaye. Na kweli, mteja akiivaa akijitazama kwenye kioo anaona maua yamepangana usoni mwake, anaondoka akitabasamu. Silisemi hili kwa kumlaumu. Kofia ni kofia, na hizo ndizo zilizonilea. Mimi ndiye niliyekichukua kisogo kile nikaenda nacho mahali kisipostahili.

Niligundua kitu nikiwa na umri wa kama ule uliokuwa nao ulipovunja jino ngazini. Nilikuwa nahesabu matundu ya ua la manne, moja mbili tatu nne, halafu tano inakuwa ya kwanza tena, nikitia alama ya penseli kila nambari ya kiburi inapoangukia. Ukiondoa mbili, zote zinaangukia tundu la kwanza au la tatu. Hakuna nyingine. Nikazifanya punda wawili wa mashindano, Kwanza na Tatu, kila nambari ya kiburi ikija, punda mmoja anapiga hatua. Tatu akatangulia. Kwanza akamfikia, wakalingana, Tatu akatangulia tena. Nikaendelea. Nikamaliza karatasi za shule nikaingia kwenye karatasi za kufungia sukari. Nilifika elfu tatu na kitu, na Kwanza hajawahi kumpita Tatu hata mara moja. Nikamwapia Mama kwamba hatampita kamwe. Akaniuliza kama nimefika mwisho wa nambari. Nikamwambia hazina mwisho. Akasema basi nisiape, na nisile kiapo juu ya kofia ambayo haijafungwa.

Kiapo kile nilikibeba mpaka Mombasa shuleni, nikakibeba mpaka chuo kikuu Nairobi. Huko, mhadhiri mmoja mwenye sauti ya usingizi akataja mbio zile zile, mbio zangu, kumbe zina vitabu. Akasema kabla kidogo ya kufika elfu ishirini na saba, Kwanza anampita Tatu. Mara moja, kwa hatua moja, na nambari ya kiburi inayofuata Tatu anamshika papo hapo. Baadaye sana anampita tena, na tena, bila ya mwisho. Wenzangu waliandika, wakageuza ukurasa. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikalia kwa furaha, Rahma, sijui nikuelezeje. Kwamba kitu kinaweza kukuonyesha uso mmoja utotoni mwako mwote, na kweli yake ikawa imekaa mbali huko inakusubiri. Siku ile ndiyo niliyoolewa, baba yako anisamehe, yeye alikuja wa pili.

Ng'ambo nilipelekwa na alama zangu. Baridi utaisikia mwenyewe, sina la kukwambia, hata ukiambiwa huamini. Mzee aliyenisimamia alikuwa na neno moja tu, kwa nini. Unamletea kazi ya mwezi, anaisoma akitafuna biskuti, anaweka kidole kwenye mstari. Kwa nini? Unarudi. Nilimchukia, nikamzoea, na leo nikichagua mchele nasikia biskuti ile. Mama akinipigia simu kwa jirani alikuwa akiniuliza yeo umefanya nini. Namwambia nimekaa, nimefikiri, nimekosea. Na jana? Vivyo hivyo. Ananitakia heri. Nikaja kusikia kwamba akiulizwa barazani hujibu, "Maimuna anashona huko, lakini sijaona kofia."

Na ndivyo kazi yenyewe ilivyo, usidanganywe na wenye kuisifia. Asubuhi nyingi utakaa na kitu kisichokutaka. Utaoga nacho, utakula nacho, utapita watu bila kuwaitikia salamu wakuone una majivuno. Halafu siku moja, unapanda basi au unafunga kamba za viatu, kinakufungukia, na kwa siku nzima wewe ndiwe mtu pekee duniani unayekijua. Nilikwenda kununua maziwa nikiwa najua kitu ambacho hakuna mwanadamu aliyekijua, na yule bibi wa dukani akanirudishia chenji kama kawaida. Sijawahi kupata utamu kama ule. Hata ulipozaliwa nilikuwa nimechoka mno kuuonja, na huo ndio ukweli, usininunie.

Nikafika mahali pa kujiona. Nilikuwa naandika kazi kubwa juu ya mbio zile, si za ua la manne peke yake, za maua ya kila namna kwa pamoja. Miaka imepita hapo. Kurasa zikatimia, ila sehemu moja. Katika kazi zetu daima kuna kitu kikubwa unachokihesabu na kuna masazo yanayobaki, na kazi yote ni kuonyesha kwamba masazo ni madogo, hayawezi kukuharibia. Masazo yangu sikuweza kuyashika. Nilijaribu kwa nambari moja moja, yakawa madogo. Nikajaribu kwa nyingine, madogo. Punda wangu hajapitwa. Nikaandika kwa Kiingereza kizuri, ni dhahiri kwamba kinachobaki ni kidogo, nikapeleka mstari ule nyuma kabisa, ukurasa wa mwisho mwisho, ambapo msomaji ameshachoka na ameshaniamini. Niliuweka kisogoni. Na mimi, mtoto wa Zena, nilijua ninafanya nini, ijapokuwa sikujiambia.

Ikapokewa kwa shangwe. Mzee alikuwa mgonjwa hakuisoma. Nikaalikwa niizungumze mbele ya watu, nikavaa buibui langu jipya na viatu vya kunibana. Nikamaliza, wakapiga makofi. Mwanafunzi mmoja mfupi kutoka India, Anjali jina lake, amekaa safu ya nyuma, akainua mkono kwa woga. Akasema labda ni yeye hakuelewa, lakini ule mstari unaosema dhahiri, anaomba kuelezwa. Nikageukia ubao. Nikashika chaki. Naikumbuka chaki ile mpaka leo, ilikuwa imevunjika nusu. Nikasimama pale muda ambao ukumbi mzima ulianza kukohoa, na hakikunijia kitu, kwa sababu hakikuwako.

Niliiondoa kazi ile. Hilo unalijua, umewahi kulisoma kwenye simu yako ukanijia na uso wa huruma nikakufukuza. Lakini usichokijua ni kwamba tundu lile silo kosa ninalolijutia. Matundu ni ya kila mtu. Wakubwa kuliko mimi wamekosea, wakarekebisha, wakaendelea. Ninalojutia ni kwamba sikumjibu mtu. Anjali aliniandikia kuomba radhi, masikini, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea. Sikumjibu. Mzee akaniandikia mstari mmoja kutoka kitandani, kwa nini hurudi. Sikumjibu, na akafa. Nilirudi Kenya nikasomesha Nairobi hesabu za mwaka wa kwanza, kisha nikarudi kwetu Amu nikaolewa na mtu wa mashine, nikawaambia watu nimechoka na baridi. Nilinyamaza, nikaona kunyamaza ni heshima.

Ulikuwa unatambaa wakati Anjali alipoandika tena. Sasa yeye mwenyewe alikuwa mwalimu. Alisema nusu ya tundu ameiziba, nusu nyingine haizibiki, lakini ukipunguza madai yangu, ukasema maua haya tu na si yote, kofia inafunga. Akaniuliza kama nitakubali tuiandike pamoja. Barua ile ilikaa kwenye kompyuta muda mrefu, kila siku naifungua naifunga. Bibi yako ndiye aliyenisukuma, bila kujua. Alikuwa ameanza kupofuka, akaniita nimtungie uzi kwenye sindano, nikamtungia, akapapasa kisogo cha kofia aliyoishika, akacheka peke yake. Nikamuuliza anacheka nini. "Nimewafita watu mangapi hapa," akasema, yaani ameyaficha mangapi, "na wewe ndiwe pekee uliyekuwa ukipageuza kutazama." Nikapanda juu nikamjibu Anjali.

Ile ndiyo miaka yangu, Rahma. Nilikuwa nafanya kazi juu ya dari kwa sababu mtandao haukushika chini, wewe umelala mkekani pembeni, nguo za majirani zinapepea, adhana zinapokezana msikiti kwa msikiti, na Anjali upande wa pili wa dunia anaamka nikiwa nalala. Tulibishana kwa ishara za hesabu zaidi kuliko nilivyowahi kubishana na mtu kwa maneno. Tukatoa kazi ndogo. Wanaoijua duniani wanaweza kuketi barazani kwetu na nafasi ikabaki. Lakini mle ndani hakuna neno dhahiri hata mahali pamoja, na tulipofika pale ambapo hatuwezi, tuliandika kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, kwa herufi zile zile kama za wengine: hapa hatujui. Bibi yako nilimsomea mstari ule kwa Kiswahili. Akaniambia hiyo ndiyo kofia ya kwanza aliyoiona ina kiungo usoni, akauliza nani atainunua.

Nawe ukakua humo. Ukaanza kuniuliza kwa nini kabla hujajua kufunga vifungo. Ulikuwa unakuja jikoni na nambari mkononi kama watoto wengine wanavyokuja na kunguru aliyevunjika bawa. Hii ina kiburi, Mama? Na hii? Baba yako, Mungu amtunze, nampenda, lakini ukimtajia nambari ya kiburi anauliza ni simu ya nani. Wewe ulielewa. Miaka yote hii, chai ya saa kumi, wewe na mimi na karatasi ya mkate iliyojaa penseli, nami nikawa nimesahau kwamba kuna siku utaondoka.

Sasa nimefika kwenye jibu, na nimegundua ninafanya kile kile. Nimekushonea maua marefu yote haya ili ukifika mwisho umechoka, unaniamini, nikufinyie jibu nyuma. Hapana. Nalileta mbele.

Niliposema ni dhahiri bima ndiyo itakayokufaa, sikuwa nimefikiri juu yako hata kidogo. Watu watadhani nilikuwa nakuogopea aibu niliyoipata mimi pale ubaoni, na mimi mwenyewe nimekuwa nikijiambia hivyo wiki zote hizi, kwa sababu inapendeza, mama anayemlinda mtoto. Si kweli. Nilikuwa nataka uwe karibu. Bima iko Nairobi, na Nairobi si mbali. Nilikuwa natazama ule mchele, naona alasiri kama hii, chai imemiminwa, na hakuna mtu wa kuniuliza kwa nini. Hilo ndilo lililokuwa kisogoni, na wewe uliliwekea kidole mara moja, kama yule Mzee na biskuti zake, kama Anjali. Nikakimbilia chungu kisichokuwako.

Uliniuliza mara nyingine, ulipokuwa mdogo, kama ningeambiwa nirudi nyuma ningechagua tena kazi hii. Nilikwambia kalale. Ningechagua. Pamoja na chaki ile. Ningechagua tundu lile na kulia kwangu kwenye ngazi na yule bibi wa maziwa, na ningemjibu Mzee angali hai.

Kwa hiyo nenda mbali, mwanangu. Ukishuka Nairobi, usitoke nje ya uwanja, ulizia ndege ya ng'ambo. Kampuni ya bima waandikie kwa adabu, wape shukrani. Radhi yangu unayo, yote, haina sharti, na Mwenyezi Mungu ni shahidi yangu. Utakosea huko, na nakuombea ukosee mbele za watu, mapema, ungali na mtu wa kukuuliza. Ukiulizwa usichokijua, geuka uwatazame, useme sijui. Na mtu akikuandikia, mjibu.

Nasikia sauti ya baba yako huko chini, anamgombeza mchukuzi, basi mmefika. Nitakunja karatasi hii nishuke nicheke nanyi kama vile sikuwa na la kusema. Kesho bandarini, ukipanda boti ya kwenda uwanja wa ndege wa Manda, nitakupa mkononi, na nitakuwa nimevaa miwani ya jua, usinitanie.

Niliwahi kuandika kwamba kinachobaki ni kidogo, na haikuwa kweli. Safari hii nakwambia mapema, ukurasa uko wazi: ukishaondoka, kinachobaki humu ndani si kidogo. Nenda hivyo hivyo.

Mama yako,
Maimuna